Ukurasa wa Kumi na Mbili

Saa tisa na robo usiku, Kilindini,
kreni nambari saba imesimama mkono juu
kama mwanafunzi aliyesahau swali.
Chini yake meli ina kontena mia mbili na kumi
na nahodha asiyejua neno "subiri".

Mwanakombo amevua glavu moja.
Kwa kidole chenye grisi anaandika
kwenye ule mtandao wa kazini tuliouita Barazani,
ambao mpaka jana ulikuwa wa kutakiana Ijumaa njema
na kuulizana nani kachukua kikombe changu cha bluu:
"Saba imegoma. Msimbo arobaini na moja. Fyuzi nzima.
Nimezima nimewasha, nimewasha nimezima. Nani macho?"

Mimi wa stoo nilikuwa macho.
Idadi ya fyuzi naijua, na bei ya kila skrubu;
la kumfaa sikuwa nalo.
Nikaandika "Pole". Nikaona haya, nikalifuta.

Nzaro akajibu toka Mikindani, kitandani:
"Tazama pampu ya mafuta." Imetazamwa.
Mutinda: "Sisi mwaka juzi tulibadilisha kadi."
Kadi iko ng'ambo. Wiki sita, na ushuru.

Ndipo likatokea duara la kijivu lisilo na uso,
herufi mbili tu: A, S.
Athumani Shee!
Miaka ishirini na sita ya winchi na kreni,
humo hajaweka hata salamu.
Tulimjua yeye na daftari lake jeusi,
kabatini, kufuli mbili.
Ukimwuliza jambo hukwambia "lete spana",
akakupa mgongo,
na mgongo ukigeuka mashine inanguruma.
Mchoyo, walisema.
Lakini aliwaona wenzake waliofundisha vijana
wakapewa barua, na saa ya ukutani.

Vitone vitatu vikacheza: anaandika.
Vikazima. Vikacheza.
Watu kumi na wanane tukavikodolea macho
utadhani twangoja mwezi uandame.

"Si msimbo. Ni chumvi.
Nyuma ya kisanduku cha kushoto pana plagi haina kifuniko.
Futa kwa spiriti. Maji usiyaguse.
Kausha kwa mashine, usipulize kwa mdomo.
Pumzi yako nayo ni maji."

Saa kumi kasorobo Mwanakombo akatuma sauti.
Neno hamna: mngurumo wa kreni, sekunde tisa.

Mwisho wa mwezi meneja akahesabu vidole gumba
akatangaza mchangiaji bora:
Fumo wa uhasibu, picha za maua mia na thelathini.
Tukapiga makofi. Fumo mwenyewe akainama,
akampelekea Mwanakombo ile zawadi,
lita tano za mafuta ya kupikia.

Kesho yake, baada ya alfajiri, picha:
ukurasa wa kwanza wa daftari.
Kesho kutwa, wa pili.
Mwandiko umelala upande kama mvua yenye upepo,
majina ya mashine zilizokwisha uzwa vyuma chakavu.
Chini yake Mutinda akaongeza vipimo vya umeme.
Nzaro akasahihisha namba moja
(hapo tulishika pumzi).
"Kweli," akajibu mzee. "Nimeikosea tangu siku hiyo."
Kosa la miaka kumi na tisa,
mstari mmoja, limekwisha.

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuja na doa la oili,
kubwa, limekula maneno yote.
"Hapa pana nini?" "Hapa pana nini, bwana?"
Vitone vikacheza muda mrefu.
"Hata mimi sikumbuki kwa maneno.
Mkono ndio unaojua. Njooni Jumatano, na glavu."

Tulikwenda kumi na mmoja,
hata mimi, nisiyewahi kupanda ngazi ile.
Kabati lilikuwa wazi. Juu ya benchi
kufuli mbili, funguo zake ndani, kutu mdomoni.
"Zako hizo," akaniambia, "ni mali ya stoo."

Jioni nikafungua kitabu changu, nikaandika:
Kufuli. Mbili. Zimerudishwa.